Tupeane uzoefu: neno gani la nesi lilikutia hofu siku ya chanjo ya mtoto? (Tanga)

Mama Pacha, Makorora
Wadau heshima zenu. Jana binti yangu wa darasa la sita kaja na karatasi ya shule: chanjo ya HPV, kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Nikamsomea mama mkwe. Katika yote yale kasikia "kizazi" tu. "Kwa hiyo mjukuu wangu mnamfunga kizazi na mimi ningali hai?" Nikazidi kueleza, nikazidi kuharibu: kukinga kizazi, kufunga kizazi, kwake chungu kimoja. Mwisho nikamkumbusha mdogo wake aliyekufa akitokwa damu. "Kansa ile?" Ndiyo hiyo, mama. Akanyamaza, kisha: "Semeni kansa basi, kizazi mnakitajia nini?" Kwenu ikoje?

Baba Zai
Mke wangu alijifungulia kwao Mkinga. Tulipompeleka mtoto kliniki huku mjini nesi akauliza, "Kachanjwa huyu?" Mama yangu akadakia, "Kachanjwa, na hirizi kavaa." Kadi tupu, BCG ya kifua kikuu haipo. Mama akamfunua mtoto kifua: chale tatu, masizi bado mabichi. Sasa hapo nani mwongo?

Shoga wa Barabara ya 12
Na hirizi kavaa 😂😂 Baba Zai nimemwaga chai.

Mwalimu wa Muheza
Nyie mnacheka, mimi mmenikumbusha mbali. 1996, kijiji kimoja upande wa Pangani. Dada yangu, mimba ya kwanza. Kliniki wakamwambia arudi kwa sindano ya pepopunda. Shemeji akasema, "Mke wangu hana pepo, sindano ya pepo ya nini?" Nyumba nzima tukacheka, mimi nikiwemo. Hakurudi.

Akajifungulia nyumbani, kitovu kikakatwa kwa wembe uliokuwa dirishani. Siku za mwanzo mtoto ananyonya vizuri tu. Siku ya sita akaacha titi. Mdomo umekaza, kidole hakipiti. Mlango ukibamizwa anajipinda kwa nyuma kama upinde. Bibi akasema ni pepo. Ukaletwa ubani, likaandikwa kombe, dirisha likazibwa kwa khanga. Siku ya nane ndipo baba alipochukua baiskeli. Yule mzee wa zahanati alimtazama mara moja tu, akasema, "Pepopunda." Bibi akatugeukia: "Si niliwaambia ni pepo?"

Hakufika alfajiri. Mimba zilizofuata shemeji alimpeleka dada mwenyewe, anakaa kwenye benchi na kina mama mpaka achomwe.

Shoga wa Barabara ya 12
Innalillahi. Pole Mwalimu. Nimejisikia vibaya na kicheko changu.

Mtu wa Bara
Pole. Ila watu wa pwani na mapepo yenu mmezidi, kila ugonjwa jini.

Baba Zai
Mwenzio kafiwa wewe waleta ubara! Jina hilo hatukulitunga barazani, liko kwenye vitabu vya serikali. Na degedege kwenu mnalipeleka wapi kwanza, hospitali?

Mtu wa Bara
Haya, limenifika.

Ami wa Mwambani
Majina mengine yanafanya kazi lakini. Mimi nilimpeleka mtoto kwa ajili ya neno "dondakoo" tu. Donda, tena kooni! Nani alitaka?

Nesi Mstaafu
Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Sisi tulifundishwa kusema chanjo ina "maudhi madogo madogo". Kijana mmoja mgeni akawa anasema "madhara", chanjo ya wiki ya 10 benchi likawa na nafasi, kina mama hawakurudi. Mimi nasema: leo usiku atachemka kidogo, atalia, keshokutwa atacheza. Surua nayo ilinitesa. Nilimwambia mama mmoja kwamba ndani mna kirusi cha surua kilichodhoofishwa. Akamfunga mtoto mgongoni, huyo! Waliofuata nikawaambia tunamwonesha mtoto surua kibogoyo, ili siku akija mwenye meno amjue. Wakacheka, wakabaki. Na mrudi miezi 18, wengi wakishapata ya miezi 9 wanaitupa kadi.

Ami wa Mwambani
Surua kibogoyo 👏

Mama Kijacho
Jamani, wangu anachomwa keshokutwa, wiki ya 6. Akichemka nifanyeje?

Shoga wa Barabara ya 12
Mafuta ya nazi pale palipochomwa, mkande.

Nesi Mstaafu
Usikande wala usipake kitu! Nyonyesha, mvue manguo. Akizidi mrudishe kliniki.

Baba Zai
Mpe baba yake ampeleke, wewe lala.

Mama Pacha, Makorora
Narudi na habari. Mama mkwe kavaa baibui tangu saa moja, kaenda shuleni mwenyewe. Anataka kuona kwa macho yake kwamba sindano inapigwa mkononi, si kwengine.