Mbuzi jike katelekezwa kwenye pagale amebaki mifupa, nianze kumlisha nini?

Mama_Kipusa:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wenu. Niko Dodoma nje kidogo ya mji, mtaani kwetu kuna pagale walikuwa wanakaa watu wakahama kama mwezi na nusu uliopita, juzi watoto wakitoka shule wakasikia mbuzi analia humo ndani, kwenda kuangalia ni jike kafungwa kamba fupi kwenye nondo ya dirisha, amezungukwa na mavi yake mwenyewe. Mlinzi wa nyumba ya pili anasema alikuwa anamtupia majani na kumwekea maji siku akikumbuka, ndio kilichomfikisha mpaka leo. Mwenyekiti wa mtaa akampigia mwenye mbuzi, akajibu mchukueni tu sina haja naye. Basi nikamchukua mimi, na watoto wameshamwita Kipusa.

Hali yake inaumiza. Mbavu unazihesabu kutoka mbali, ukipitisha mkono mgongoni uti unakukata, manyoya yamesimama hayana mng'ao, shingoni ana kidonda cha kamba, kwato zimerefuka mpaka zimejikunja, halafu chini ya taya ana uvimbe laini kama mfuko wenye maji. Anakula kwa pupa sana. Jana kwa huruma nikampa kiporo cha ugali na mahindi sahani nzima akamaliza yote, leo asubuhi anaharisha. Nina mbuzi wangu wengine wanne wazima kabisa. Nimpe nini anenepe haraka?

Mfugaji_Manyoni:
Dada pole, na asante kwa kumtoa pale. Ila naomba mahindi na ugali uache leo hii hii, usisubiri kesho.

Nakwambia hivi kwa sababu mwaka juzi nilinunua mnadani beberu amekonda hivyo hivyo, nikamhurumia nikamwagia mahindi debe likawa wazi mbele yake ajilie anavyotaka, siku ya pili tumbo limejaa ukilitikisa linasikika kama ndoo ya maji, anasaga meno, anaharisha maji matupu, usiku wa pili akafa. Mpaka leo linaniuma maana alikuja kwangu akiwa hai, mikono yangu ndiyo iliyomlisha. Daktari alinieleza kwamba tumbo la kwanza la mbuzi lina vijidudu vinavyosaga majani, mbuzi akikaa na njaa muda mrefu vijidudu hivyo vinapungua, sasa ukimshushia wanga mwingi kwa mpigo vinaota vile vinavyotengeneza asidi, tumbo linachachuka na sumu inaingia kwenye damu.

Kwa hiyo siku nne tano za mwanzo mpe majani tu, na makavu yawe mengi. Kwenu huko majani ya karanga na ya kunde yaliyokaushwa yapo, hayo ni mazuri sana, na maganda ya mgunga yaliyodondoka chini mbuzi anayapenda kupita maelezo. Maji safi muda wote, na jiwe la chumvi alambe mwenyewe.

Babu_Kondoa:
Binti yangu hongera. Sisi tangu zamani mbuzi aliyedhoofu tunampa uji wa ulezi na majani ya mwarobaini yaliyopondwa kwa ajili ya minyoo, siku saba. Wengi wamepona.

Vet_Shambani:
Babu shikamoo. Uji mwepesi kidogo haumdhuru, ila kwa huyu mwarobaini siutegemei, na sababu yangu ni ule uvimbe chini ya taya. Damu ikipungukiwa protini maji yanavuja kutoka kwenye mishipa na kukusanyika pale. Kwa mbuzi wa ukanda wetu sababu ya kwanza ninayoifikiria ni minyoo inayonyonya damu, ile inayokaa kwenye tumbo la nne. Jike mmoja wa mnyoo huo anataga mayai maelfu kwa siku, yanatoka na kinyesi, yanaanguliwa, halafu vilava vinapanda kwenye majani yenye unyevu. Mbuzi aliyefungwa kamba fupi anakula pale pale anaponyea, kwa hiyo kila siku alikuwa anajiambukiza upya. Njaa imemkondesha ndiyo, ila nina wasiwasi damu yake nayo imeliwa.

Mama Kipusa fanya hivi sasa hivi kukiwa bado na mwanga: vuta kope la chini la jicho uangalie rangi ya nyama ya ndani. Ikiwa nyekundu au pinki iliyokolea hali sio mbaya, ikiwa nyeupe kama karatasi huyo yupo hatarini. Njia hii ilianzia Afrika Kusini, inaitwa FAMACHA, ina kadi ya rangi 5 na ya tano ndiyo nyeupe kabisa. Halafu mpime uzito. Kama huna mizani chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa makalio, vyote kwa sentimita. Zidisha kifua kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840, unapata kilo za kukadiria.

Na tafadhali usimchanganye na wale wanne wako. Wiki tatu akae peke yake, chombo chake cha maji chake. Hujui katoka na nini, sotoka ya mbuzi na kondoo na homa ya mapafu vyote vinaingia bandani kwa njia hiyo.

Mama_Kipusa:
Nimepima daktari. Kifua 56, urefu 54, imekuja kilo 15 na nusu hivi. Na kope ni jeupe jamani, lina upinki kwa mbali sana, nimelinganisha na mbuzi wangu mwingine nikaogopa. Duka la dawa za mifugo hapa kwetu wananiambia nichukue dawa ya minyoo ya albendazole nimnyweshe mililita 10 basi. Kingine, mtaani mabeberu yanazurura ovyo na pagale halina mlango, sijui kama ana mimba.

Vet_Shambani:
Hapo kwenye mililita 10 simama kwanza. Albendazole ya mbuzi inauzwa ya asilimia 2.5 na ya asilimia 10, chupa zinafanana lakini moja ina nguvu mara nne ya nyingine. Kwa dozi ya miligramu 10 kwa kila kilo, mbuzi wako wa kilo 15 na nusu anahitaji kama mililita 6 za ile nyepesi, au moja na nusu tu ya ile kali. Mililita 10 za ile kali ni zaidi ya mara sita ya dozi yake. Soma lebo ndipo ununue.

Halafu kwa kuwa mimba huijui, mimi albendazole nisingempa kabisa, mimba ikiwa changa inaweza kumharibu mtoto. Levamisole nayo kwa mbuzi dhaifu hivi ukizidisha kidogo tu anatetemeka na kutoa povu. Mwite mtaalamu wa mifugo wa kata yenu amwone kwa macho, mwambie habari ya mimba, aulizie fenbendazole ambayo ni salama kwa mwenye mimba. Na kwa rangi hiyo ya kope usikae mpaka wiki ijayo. Siku ya kumnywesha usimwinue kichwa juu sana, sirinji iingie pembeni ya mdomo taratibu ameze mwenyewe, dawa ikipita njia ya hewa inakuwa ugonjwa mwingine.

Zaituni_Mbuzi:
Dada mimi naongezea la kidonda na kwato. Kidonda osha kwa maji ya chumvi ya uvugu, nyoa manyoya ya pembeni, kisha angalia kila siku kama nzi hawajataga maana funza wakiingia shingoni ni shida kubwa. Kamba usimrudishie kabisa. Kwato usikate zote siku moja, punguza kidogo kidogo kila wiki ukiona pinki acha, mguu ulikaa umepinda muda mrefu nao unahitaji muda kunyooka. Na mchambue manyoya ubavuni na shingoni kwenye jua, mbuzi aliyekonda hakosi chawa, wangu walikuwa wengi nilidhani ni pumba zimemwagika.

Mama_Kipusa:
Chawa wapo kweli, wengi mno!! Mtaalamu anakuja kesho saa mbili asubuhi. Sasa akishapewa dawa pumba naanza lini? Ananililia kila nikipita.

Mfugaji_Manyoni:
Najua kile kilio, usiyumbe. Siku ya sita ukiona kinyesi kimerudi kuwa vidonge na amelala anacheua, mpe pumba za mahindi ngumi moja asubuhi ngumi moja jioni, jumla kama gramu 100. Kila baada ya siku tatu nne ongeza gramu 50, uishie kwenye 300 hivi kwa siku. Changanya na mashudu ya alizeti, pumba mafungu matatu mashudu fungu moja, maana damu inajengwa na protini, pumba peke yake zitampa tumbo tu. Siku akiharisha rudi nyuma hatua moja. Na pumba ziwe za mahindi, maganda ya mpunga hayana kitu mle. Majani ya lukina kama unayapata mpe ila yasizidi theluthi moja ya anachokula, yakizidi manyoya yanapukutika. Vyote tundika juu au weka kwenye hori, asile chini tena.

Mama_Kipusa:
Wakuu nimerudi, leo wiki ya sita. Mtaalamu alimpa dawa ya minyoo na ya chawa, baada ya wiki mbili tukapeleka kinyesi maabara wakasema mayai yamepungua sana. Wiki mbili za kwanza nilikata tamaa maana kilo hazikusogea kabisa, nilikuwa naamka usiku na tochi kuangalia kama anapumua. Uvimbe wa taya ulianza kupungua wiki ya pili, ya tatu ukaisha. Leo kifua kimefika 61, kwa ile hesabu ni kilo 18 na nusu. Kope lina upinki unaoonekana, kidonda kimeziba, na jana karukia juu ya tofali akasimama pale mpaka watoto wakapiga makofi. Nimemuunganisha na wenzake, wanampiga pembe kidogo kwenye hori kwa hiyo bado anakula chake pembeni.

Mimba mtaalamu anasema haioni. Je, nimwache na beberu wangu?

Vet_Shambani:
Nimefurahi sana dada. Beberu bado, mtenge. Kifupa cha mgongo nadhani bado kinashikika kwa urahisi, akibeba sasa nyama yote uliyomrudishia itakwenda kwa mtoto. Subiri mvua zioteshe majani, apite kilo 22 au 23, kope liwe jekundu kabisa. Na asubuhi za masika usimfungulie mpaka umande ukauke, angalia kope kila baada ya wiki mbili.

Babu_Kondoa:
Binti yangu nimefurahi. Hiyo ya kope nimeijaribu kwa wangu, wawili weupe. Nampigia bwana mifugo leo.