Nabii akimtaja mchawi kwenye mkesha: ni kinga au ni panga?

Mwana wa Ganda

Wapendwa, jambo hili nimekaa nalo wiki tatu. Nisipolitoa litanioza tumboni.

Tulikuwa na mkesha huku kwetu, nje kidogo ya mji wa Malindi. Jina la kanisa nalihifadhi, maana sitaki vita na watu ninaosali nao. Alialikwa nabii mgeni. Hadi saa sita za usiku mambo yalikuwa mazuri: nyimbo, Zaburi ya 91, vijana wakaanguka wakainuliwa. Kisha nabii akanyamaza, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema anamwona bibi kizee, nyumba ya makuti, mlango umeelekea mwembe, uani kuna kuku weusi. Jina hakulitaja, na wala hakuwa na haja. Mlango wa aina hiyo kijijini kwetu ni mmoja. Watu wote uwanjani waligeuza shingo upande mmoja kwa pamoja, kama mashua zilizotia nanga upepo ukigeuka.

Hawe huyo, yaani huyo bibi, ni jirani yangu. Kufikia Jumatatu watoto walikuwa hawatumwi tena kwake kuomba moto. Jumatano mtu akarusha jiwe juu ya paa lake. Ijumaa usiku mjukuu wake akampakia kwenye bodaboda, akampeleka mbali kwa binti yake.

Asiyekaa Kilifi atadhani nakuza mambo. Huku wazee wanakatwa mapanga kwa kushukiwa utsai, yaani uchawi, hadi kuna makao kule Kaya Godoma, Ganze, wanakokimbilia walionusurika. Na mara nyingi ukichimba chini ya huo utsai unakuta shamba: mzee hataki kuuza, vijana wana mnunuzi tayari. Mvi na macho mekundu ya moshi wa kuni ndiyo ushahidi wenyewe.

Mimi nimeokoka. Siulizi kama uchawi upo au haupo, hilo lina watu wake. Nauliza hivi: mhubiri, kwa jina la kuwakinga waumini na uovu, ana ruhusa ya kutuonyesha nani mchawi? Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, iliyoanza 1925, inasema kumtuhumu mtu uchawi ni kosa, isipokuwa umepeleka tuhuma hiyo kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine. Kipaza sauti cha mkesha si chifu. Semeni.

Shemasi wa Msabaha

Bwana asifiwe. Ndugu yangu wa Ganda, pole kwa jirani, lakini usitufunge midomo. Soma Matendo 13. Elima mchawi alipompinga Paulo kule Pafo, Kipro, Paulo hakusema "kuna mtu fulani hapa ana shida." Alimkazia macho, akamwita mwana wa Ibilisi mbele ya liwali, na yule akapofuka hapo hapo. Petro naye alimwambia Simoni wa Samaria uso kwa uso kwamba fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Hao walimkemea mtu mwenyewe waziwazi! Leo mnataka tukemee hewa?

Tena watu wetu wanaonewa kweli. Mimi nimezika watoto wa mama mmoja, watatu, ndani ya miaka miwili. Mwambie huyo mama habari za Sura ya 67.

Mama wa Muyeye

Naingilia kidogo. Mwanangu wa pili alishikwa na degedege akiwa na mwaka na nusu. Macho juu, meno yameumana. Mama mkwe akasema ni pepo wa ndege, tusimpeleke sindano itamuua. Jirani akaleta chupa ya mafuta ya upako aliyoinunua kanisani kwao mia tano. Nikampaka, nikaomba, halafu nikambeba mgongoni hadi hospitali. Ilikuwa malaria imepanda kichwani. Yuko darasa la sita sasa.

Mkiniuliza mafuta yalisaidia? Yalinipa miguu ya kutoka pale nyumbani usiku. Lakini chupa ya pili sikununua. Kama ni kinga ya Mungu, kwa nini inaisha ikitaka mia tano nyingine?

Mkatoliki wa Barani

Mama wa Muyeye umegusa penyewe. Sisi tunayo maji ya baraka, medali, rozari kwenye kioo cha tuktuk, na najua wenzetu wa maombi wanatucheka. Padre wetu hutukumbusha nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa amri ya Mungu mwenyewe na watu wakapona. Miaka mingi baadaye mfalme Hezekia akamvunja vipande, kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba. Kitu kile kile! Kilianza kama dawa kikaishia kuwa sanamu. Kwa hiyo swali si kama umeshika chupa au msalaba, swali ni kama umeshikwa nacho.

Kuhusu kutaja watu: kwetu padre hajiamulii tu kumtoa mtu pepo. Kanuni ya 1172 inamtaka awe na ruhusa ya wazi ya askofu, na askofu ampe padre mcha Mungu, mwenye elimu na busara. Na hata akiruhusiwa, anamwombea aliyepagawa. Hatoki kwenda kumtafuta aliyemtupia.

Shemasi wa Msabaha

Ndugu Mkatoliki, shetani hasubiri barua ya askofu.

Mkatoliki wa Barani

Hasubiri, ni kweli. Ila hiyo barua inamsubirisha padre.

Mwana wa Ganda

Shemasi wangu, nimesoma Elima tena usiku wa jana. Tazama mambo mawili. Elima alikuwa mchawi kwa kazi, anajulikana, yuko pale pale kwa liwali Sergio Paulo akibishana waziwazi ili liwali asiamini. Paulo hakumfunua mtu aliyelala nyumbani kwake. La pili, Elima alipofushwa "kwa muda," na mkono uliompiga ulikuwa wa Bwana. Baada ya hapo hakuna kijana wa Pafo aliyechukua panga. Huku kwetu nabii anafunua usiku, asubuhi keshapanda gari anaenda mji mwingine. Panga linabaki kwetu.

Na Paulo huyo huyo ndiye aliyewaandikia Waefeso kuvaa silaha zote za Mungu. Sura ya 6 inasema kushindana kwetu "si juu ya damu na nyama." Hawe ni damu na nyama.

Binti wa Shela

Salaam. Mimi ni Muislamu, mnisamehe kuingia ukumbi wa watu. Nimecheka kidogo maana mjadala huu tunao nyumbani kila siku. Kuna anayesoma sura za Falaq na Nas, akajipuliza, akalala. Kuna anayekunywa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Kuna wa hirizi mkononi, na masheikh wanagombana kama hirizi ni kinga au ni shirki, kumshirikisha Mungu. Lakini familia haziharibiwi na hirizi. Zinaharibiwa na mpiga ramli anayesema "aliyekufanyia ni mtu wa karibu, mweupe kidogo, mmekula naye sahani moja." Shangazi yangu na dada yake hawajazungumza tangu niko shule ya msingi. Nyinyi mna nabii, sisi tuna ramli, sentensi ni ile ile.

Mzee wa Kakoneni

Wanangu, hamjambo. Mjukuu ndiye anayeniandikia.

Zamani mtu akituhumiwa utsai hakuuawa njiani akitoka kuteka maji. Palikuwa na kiraho, kiapo cha kumpima mtuhumiwa. Mshtaki na mshtakiwa wanakwenda mbele ya wazee, shoka linatiwa motoni, kiraho cha tsoka, na kila mmoja anasema lake kabla halijapitishwa mkononi. Sisemi lilikuwa jema. Shoka la moto linachoma mkono wa yeyote, mwenye hatia na asiye nayo, na mimi nimebatizwa siwezi kulitetea. Nasema tu kwamba mtuhumiwa alikuwa na mahali pa kusimama akajibu. Huyo bibi wa makuti alijibu wapi? Alikuwa kwake amelala.

Nami nywele napaka rangi nyeusi kila mwezi. Si ujana. Wenzangu wengi wanapaka.

Kijana wa Maweni

Shikamoo mzee. Mimi nitapingana na wote.

Hiyo sheria ya 1925 ni ya mkoloni aliyeona dini zetu zote ni uchawi. Inasema usimtuhumu mtu, peleka kwa chifu. Haya, umempelekea chifu, atafanya nini? Atapima utsai kwa kipimo gani? Watu wanajua haiwezekani, ndiyo maana wanajichukulia hatua. Na mkianza kuomba serikali iingie kwenye mikesha mjue mnafungua mlango gani. Baada ya Shakahola mwaka 2023, ilipofukuliwa kule msituni miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa, serikali iliunda jopo la kuangalia namna ya kusimamia makanisa, na wachungaji wakasimama kutetea Kifungu cha 32 cha Katiba, uhuru wa kuabudu. Nani ataandika orodha ya maono yanayoruhusiwa?

Mwana wa Ganda

Kijana, siombi leseni ya maono. Aone anachoona. Nasema akishaona, aende kwa huyo bibi mchana, na wazee wa kanisa wawili, akae naye kwenye mkeka aombe naye. Kama ni mchawi, si ndiye mwenye kuhitaji injili kuliko sote? Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza hivyo usiku ule, mimi nikiwemo. Nami niligeuza shingo.

Kuhusu Shakahola, unaitumia kama sababu ya kuogopa serikali. Mimi nilipita karibu na mochari ya hospitali hapa mjini miezi ile, niliona watu wamekaa chini ya miti wakisubiri kupimwa DNA ili ndugu zao watambuliwe. Tangu hapo mtu akiniambia "usimhoji mtumishi," masikio yanajifunga yenyewe.

Shemasi wa Msabaha

Hamjanijibu la yule mama. Watoto watatu. Anakuja kwangu anauliza "nani?" Nimwambie nini?

Mwana wa Ganda

Shemasi, hilo limenilaza macho, na jibu langu ni dogo kuliko swali.

Wanafunzi walimuuliza Yesu swali hilo hilo katika Yohana 9. Huyu amezaliwa kipofu, nani alikosa, yeye au wazazi wake? Walitaka jina. Yesu hakuwapa. Alisema si yeye wala si wazazi wake, akatema mate chini, akafanya tope, akashughulika na macho ya mtu. Ayubu naye alizika watoto kumi, na sisi wasomaji tunajua shetani alihusika, imeandikwa sura ya kwanza. Ayubu mwenyewe hakuambiwa kamwe. Rafiki zake ndio walioshikilia kwamba lazima yuko mwenye kosa, na mwisho Mungu akawakasirikia wao.

Kwa hiyo mwambie hujui. Ukae naye. Mpeleke akapimwe damu yeye na mumewe, maana iko maradhi inayopita kwenye ukoo, huku pwani selimundu ni nyingi na watoto wanakufa nayo wadogo. Kemea shetani usiku kucha ukitaka, nitakuja tukemee pamoja. Lakini jina usimpe.

Shemasi wa Msabaha

Hapo kwa damu sikuwahi kuwaza. Nitamuuliza. Kwa Elima bado sijakubali.

Mama wa Muyeye

Na huyo hawe, amerudi?

Mwana wa Ganda

Bado. Alipiga simu jana kuuliza kuku. Nawalisha mimi, jioni nawafungia. Wako tisa, nimewahesabu: wanane wa madoa, mweusi mmoja.