Ndege ya usajili wa N (Marekani) iliyoko Wilson: leseni ya KCAA inatosha kwenda Zanzibar?

Mrukaji_Langata: Wadau, habari zenu. Cessna 206 yenye usajili wa Marekani imeegeshwa uwanja wa Wilson, Nairobi. Rubani ana leseni ya urubani wa biashara ya KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya), na mwenye ndege anataka apelekwe Malindi, kisha Zanzibar, kwa malipo. Rubani akishavuka mpaka anafuata sheria ya nani?

Usukani5Y: Ndugu, hapo hachagui sheria moja. Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga unaipa kila nchi mamlaka juu ya anga yake, na unaipa ndege uraia wa nchi iliyoisajili. Kanuni za kuruka basi ni za nchi iliyo chini yake: juu ya Voi ni za Kenya, akivuka ni za Tanzania. Ila leseni ya rubani na cheti cha ndege kufaa kuruka lazima vitolewe au vikubaliwe na Marekani, kwa vifungu vya 31 na 32.

Wengi hukwama hapa. Kanuni ya 61.3 ya FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani) inaruhusu ndege ya N kurushwa kwa leseni ya nchi ya kigeni, lakini ndani ya nchi hiyo hiyo tu. Kwa hiyo Wilson hadi Malindi, leseni ya KCAA inatosha. Akishaingia anga ya Tanzania haimfai tena kwa ndege hiyo, hata kama ingemfaa kabisa kwenye ndege ya 5Y, yaani ya usajili wa Kenya. Akipata ajali huko, kampuni ya bima imeshapata sababu ya kukataa kulipa.

Mrukaji_Langata: Asante sana. Sasa afanyeje?

Usukani5Y: Aombe cheti cha urubani cha FAA chini ya kanuni ya 61.75. Kwanza FAA ithibitishe leseni yake na KCAA. Barua ya uthibitisho hudumu miezi 6, kwa hiyo asiombe mapema mno. Kisha afike mwenyewe mbele ya FAA na leseni, cheti cha afya na kitambulisho. Cheti hicho hubeba namba ya leseni ya Kenya: KCAA ikibadilisha namba, hakitumiki tena. Kabla ya kuruka kama rubani mkuu anahitaji pia mapitio ya urubani chini ya 61.56.

Tena ni cha urubani binafsi tu. Kwa safari ya Zanzibar ya malipo, hana budi kupata leseni kamili ya biashara ya Marekani.

Spana_Hanga3: Msisahau ndege yenyewe. Ukaguzi wa kila miezi 12 husainiwa na fundi mwenye idhini ya ukaguzi ya FAA. Sahihi ya fundi mwenye leseni ya KCAA pekee haitoshi, hata awe hodari namna gani. Na kwa safari ya nje, leseni ya redio ya ndege na kibali cha redio cha rubani hutolewa na FCC (tume ya mawasiliano ya Marekani).

Kanuni ya 91.703 ya FAA nayo inamfuata rubani kokote: sheria za Marekani zinaendelea kumbana pale zisipogongana na za nchi mwenyeji. Saa 8 bila pombe kabla ya kuruka ni zile zile, Marekani au Zanzibar. Akitoka zaidi ya maili 12 za baharini kutoka pwani, yuko juu ya bahari kuu. Hapo anafuata Kiambatisho cha 2 (kanuni za anga) cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na hakuna nchi inayoruhusiwa kukibadilisha.