Pampu iko upande wa damu, chumvi ya machozi inapitia wapi?

Nyalenda_B: Wakuu, shikamooni. Nasomea uuguzi hapa Kisumu. Mama ana kibanda cha samaki Kibuye, na jioni kachumbari huikata mimi, kwa hiyo machozi nayajua. Kinachonitatiza ni mchoro wa seli ya tezi ya machozi. Pampu ya sodiamu imechorwa upande wa damu, na sodiamu inaitupa huko huko. Basi ile chumvi inayonifikia mdomoni imetoka wapi? Ama mchoro una kasoro?

Omera_Kondele: Mwambie mama aajiri mtu wa vitunguu 😂

Mwl_Mstaafu (Kakamega): Marahaba. Mchoro uko sawa. Achana na sodiamu kwanza, ufuate kloraidi, ile nusu ya pili ya chumvi.

Pampu hutoa sodiamu 3, ikaingiza potasiamu 2, kwa nguvu ya ATP, yaani nishati ya seli. Sodiamu ndani ya seli inakuwa haba, kwa hiyo ya nje inasukumana kurudi. Upande huo huo wa damu kuna protini inayoirudisha, lakini kama matatu ya Mbale, haing'oi mpaka ijae: sodiamu 1, potasiamu 1, kloraidi 2. Ndivyo kloraidi inavyorundikana ndani.

Sasa mvuke wa kitunguu umechoma konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho. Neva zinamwaga asetilikolini, kemikali yao ya kupeleka ujumbe, kwenye tezi, kalsiamu inapanda ndani ya seli, na milango ya kloraidi inafunguka upande wa pili, ule wa machozi. Milango ya potasiamu nayo inafunguka, la sivyo chaji ingeizuia kloraidi kuendelea kutoka. Kloraidi ni hasi, hivyo inaivuta sodiamu, nayo hupenya kati ya seli na seli bila kupitia ndani. Maji yanafuata chumvi.

Nyalenda_B: Asante sana mwalimu. Lakini mbona nasoma kwamba machozi yana potasiamu nyingi kuliko damu?

Sista_wa_Macho (Nakuru): Seli za vijimrija vya tezi huongeza potasiamu na kloraidi njiani, mdogo wangu. Na hiyo asetilikolini usiipite haraka. Dawa iitwayo atropini huizuia isifanye kazi, na macho yakakauka ilhali pampu ni nzima. Ndiyo maana mtu akija kliniki na macho makavu, mimi humuuliza anameza dawa gani kabla sijashika tochi. Zile za mzio za zamani, zinazoleta usingizi, nazo hukausha vivyo hivyo.