Naomba ushauri: kupima selimundu kwa vichanga, kliniki ya mama na mtoto Tanga

Wauguzi na wakunga wenzangu, habari za kazi.

Kipimo cha selimundu cha kupindisha seli kwa kemikali kinaweza kudanganya kwa mtoto wa chini ya miezi sita: himoglobini ya uchanga, isiyopindisha seli, bado ni nyingi, majibu yanaweza kutoka hasi, mama anaondoka ametulia. Hata kwa mkubwa, kemikali hiyo, sodiamu metabisalfaiti, hupindisha seli za mbebaji (AS) na za mgonjwa (SS) vilevile. Bora kadi ya damu kavu ya kisigino, iende elektroforesisi (kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za himoglobini), na ichukuliwe kabla mtoto hajaongezewa damu. Kadi inataka saa tatu hadi nne kukauka, imelazwa, mbali na jua, ndipo ifungwe na vipakiti vya kufyonza unyevu. Kwa unyevu wa pwani hii, masika mnafanyaje?

La pili ndilo gumu. Wazazi wote wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa robo kuwa SS, lakini wengi husikia "mmoja akiumwa, watatu wanaofuata wako salama". Mnalielezaje bila mama kutupiwa lawama? Na baba akitoka AA (hana selimundu wala haibebi) huku mtoto ni SS, yaani huenda kipimo kimekosea au si baba mzazi, mnaanza na kurudia kipimo, au mnamwita mama peke yake kwanza?