Thomson kwenye faharasa: nani ni nani?

mpanga_kurasa: Wakuu, napanga faharasa ya kitabu cha rejea cha sekondari, na Thomson wamenichanganya. Joseph Thomson wa maporomoko ya Nyahururu, Kenya, ndiye yule aliyegundua elektroni? Thomson Reuters nayo ni ya nani?

Kalamu Nyekundu: Hao ni watu wawili, mkuu. Wa Nyahururu ni msafiri Mskoti (1858–1895) aliyepita nchi ya Wamasai mwaka 1883. Maporomoko yale ya mita 74 hivi yaliitwa kwa jina lake, na swala tomi vilevile. Wa elektroni ni Joseph John (1856–1940), mzaliwa wa Manchester, Nobel ya 1906. Wote ni Joseph na wamepishana miaka miwili tu, kwa hiyo kila jina lifuatwe na miaka na kazi: "Thomson, Joseph (1858–1895), msafiri". Usimsahau George Paget, mtoto wa J. J., Nobel ya 1937. Baba alionyesha elektroni ni chembe, mwana akaonyesha inatenda kama wimbi!

mwl_fizikia: Mtego hasa uko kwenye istilahi. Mtawanyiko wa Thomson, yaani mwanga kutawanywa na elektroni, ni wa J. J. Lakini athari ya Thomson, ya joto na umeme ndani ya waya, na ile ya Joule-Thomson inayoeleza gesi kupoa ikipenyezwa tundu jembamba, ni za William Thomson, mzaliwa wa Belfast, 1824. Mwaka 1892 alipewa ulodi akawa Kelvin. Andika "Thomson, William: tazama Kelvin", na namba za kurasa zote zikae kwenye K. Ukizigawa, msomaji ataishia na nusu.

Bwana Shubaka: Taasisi ziweke baada ya watu. Thomson Reuters ni ya 2008, kampuni ya Thomson ya Kanada ilipoinunua Reuters. Mwanzilishi ni Roy Thomson wa Toronto, tajiri wa magazeti. Thomson ya Ufaransa, ile ya televisheni, haihusiani naye. Jina lile ni la Elihu Thomson, mzaliwa wa Manchester pia (hapo napo mtachanganya), aliyekulia Marekani. Kampuni yake, Thomson-Houston, iliungana na ya Edison mwaka 1892 ikawa General Electric. Jina la Thomson likabaki kwa kampuni dada ya Ufaransa. Thomson-CSF, Wafaransa hao hao waliotengeneza rada, tangu 2000 wanaitwa Thales.

Kalamu Nyekundu: Na ukitafuta kwa "Thom" kwenye kompyuta, Thompson wenye p wataingia humo humo. Bunduki ya Thompson, kwa mfano, ni ya John T. Thompson, Mmarekani. Tafuta neno zima, kisha pitia p kwa macho.