Mrejesho: nyumba ya biskuti ya Krismasi imesimama

Wakuu, niliuliza hapa nyumba ya biskuti ya watoto naigandisha na nini, sina oveni na mvua ya Desemba huku Uyole, Mbeya, mnaijua. Asanteni, imesimama.

Nimefuata ute mweupe wa yai na sukari ya unga ya kupambia keki, yai moja kwa gramu 200 hivi. Piga mpaka ukiinua kijiko ncha ibaki wima. Ukiwa mwepesi kuta zinateleza. Aliyeshauri boksi tupu la maziwa liwe nguzo ndani, ubarikiwe! Kuta nikaziacha zikauke usiku mzima ndipo nikapandisha paa. Waliosema sukari ya kuyeyusha sufuriani, kweli inashika papo hapo, ila inaunguza vibaya, hiyo nimewaachia wakubwa.

Mapambo: pipi za rangi, karanga, na bisi zikawa theluji (Mbeya tunajua baridi, theluji hatuijui).

Shida ni unyevu. Biskuti zikikaa wazi zinalegea, hivyo usiku naifunika kwa ndoo. Mdogo wangu ameshakula bomba la moshi.

Aliyebanika biskuti zake kwenye sufuria juu ya mkaa, anielekeze vipimo.